Ngazi za Mnada, Mlango wa Madai: Historia ya Jengo la Mahakama ya Kaunti ya St. Louis



Nimeombwa nizungumze juu ya majengo ya mahakama na historia yake. Badala ya kuwapitisha mbiombio kwenye majengo mengi, nimechagua moja tu, tulitazame kwa makini kuanzia kiwanja hadi kuba. Jengo hilo liko St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani, karibu na ukingo wa mto Mississippi. Lilijengwa liwe mahakama ya Kaunti ya St. Louis. Leo wenyeji huliita Mahakama ya Zamani, na kesi hazisikilizwi tena humo.

Nimelichagua kwa sababu moja. Ndani ya jengo hili mtu aliyeshikwa utumwani aliweza kumshtaki aliyejiita bwana wake, akashinda. Na kwenye ngazi za jengo hilohilo, mtu kama yeye aliweza kupigwa mnada ili deni la marehemu lilipwe. Mambo yote mawili yalifanyika kwa sheria, na yote mawili yaliandikwa vitabuni. Hoja yangu ni kwamba historia ya jengo la mahakama haikamiliki mpaka yote mawili yasemwe, na kwamba heshima ya jengo hili ililetwa zaidi na wadai wanyonge waliopanda ngazi zake kuliko matajiri waliotoa kiwanja na mafundi waliolijenga.

Kiwanja na kuba

Mwaka 1816, Auguste Chouteau, mmoja wa waasisi wa mji wa St. Louis, pamoja na Jaji John B. C. Lucas, waliipa kaunti kiwanja kwa sharti kwamba kitumike milele kwa jengo la mahakama. Missouri ilikuwa bado haijawa jimbo; hadhi hiyo iliipata mwaka 1821. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, ukiishi kwa biashara ya manyoya ya wanyama na kwa mto. Mahakama ya kwanza kwenye kiwanja hicho, jengo la matofali, ilikamilika mwaka 1828.

Meli za mvuke zikaukuza mji haraka, na jengo likawa dogo. Mwaka 1839 ujenzi wa mahakama mpya ulianza kwa ramani ya Henry Singleton: ukumbi wa duara katikati, mabawa manne yakiuzunguka, na nguzo za mtindo wa Kigiriki. Jengo la matofali halikubomolewa mara moja. Lilitumika kama bawa la mashariki hadi mwaka 1851. Ukumbi wa duara ulifunguliwa mwaka 1845, na tangu hapo ukawa baraza la mji mzima. Mwaka 1849 Seneta Thomas Hart Benton alisimama humo mbele ya mkutano wa reli, akatetea njia ya garimoshi ya kuvuka bara lote hadi Pasifiki.

Kazi iliendelea kwa zaidi ya miaka 20. Robert S. Mitchell alisimamia mabawa katika miaka ya 1850. Mwaka 1861 William Rumbold aliondoa kuba dogo la awali, akaweka kuba kubwa la chuma lililofuata umbo la kuba la Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Lilikamilika mwaka 1862, na Carl Wimar, mchoraji mzaliwa wa Ujerumani, alipewa kazi ya kuchora kuta zake za ndani. Kwa miaka mingi hapakuwa na jengo refu kuliko hilo mjini.

Tazameni miaka hiyo: 1839 hadi 1862. Huo ndio muda ambao Marekani ilibishana juu ya utumwa mpaka maneno yakaisha na bunduki zikaanza. Kuba lilipomalizika, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa katika mwaka wake wa pili. Na sehemu ya ubishi uliofikisha nchi huko ilikuwa imepita katika vyumba vya jengo hili.

Namna mtumwa alivyoshtaki

Missouri ilikuwa jimbo lililoruhusu utumwa. Hata hivyo, sheria yake ya mwaka 1824 ilimruhusu mtu aliyeshikwa utumwani kufungua kesi ya kudai uhuru wake. Utaratibu ulikuwa hivi. Mdai aliwasilisha ombi kwa jaji akieleza kwa nini yeye ni mtu huru. Jaji akiona hoja ina msingi, humruhusu kushtaki kama maskini, humpangia wakili, na huamuru kwamba asihamishwe nje ya eneo la mahakama, apewe nafasi ya kuonana na wakili wake, wala asiadhibiwe kwa sababu ya kushtaki.

Mashtaka yenyewe yaliandikwa kwa umbo la ajabu. Mdai hakuandika kwamba anaomba uhuru. Aliandika kwamba fulani amempiga, amemdhuru na amemfunga isivyo halali, na anadai fidia. Siri yake iko hapa: kwa sheria ya siku zile, mtumwa hakuweza kulipwa fidia kwa kupigwa na bwana wake, lakini mtu huru aliweza. Kwa hiyo, ili kuamua kama fidia inastahili, ilibidi kwanza jopo la raia waliosikiliza kesi liamue kama mdai ni huru. Akishinda kesi ya kupigwa, ameushinda utumwa.

Msingi wa kesi nyingi ulikuwa safari. Ng'ambo ya mto kuna Illinois, ambako katiba ilikataza utumwa. Mwaka 1824, katika kesi ya mwanamke aliyeitwa Winny, Mahakama ya Juu ya Missouri ilikubali kwamba bwana anayempeleka mtumwa wake kuishi kwenye ardhi huru amempotezea hadhi ya utumwa, na hadhi hiyo hairudi wakivuka mto tena. Mwaka 1836, katika kesi ya Rachel, mahakama hiyohiyo ilisema kwamba hata ofisa wa jeshi aliyehamishwa kikazi hasameheki.

Kumbukumbu za Mahakama ya Mzunguko ya St. Louis zimehifadhi zaidi ya kesi 300 za namna hii. Wengi wa wadai hawakujua kuandika. Walitia alama ya msalaba mahali pa saini. Kati yao alikuwamo mwanamke aliyeitwa Polly, aliyewahi kukaa Illinois kabla ya kuuzwa upande wa Missouri. Polly alishinda mwaka 1843. Binti yake, Lucy, alidai kwamba mtoto wa mama huru ni huru. Akisubiri hukumu aliwekwa jela kwa miezi 17, msichana asiye na kosa. Februari 1844 wakili Edward Bates, ambaye baadaye alikuwa Mwanasheria Mkuu katika serikali ya Rais Abraham Lincoln, alisimama kumtetea, na Lucy akashinda. Mwaka 1891, akiitwa Lucy Delaney, alichapisha kitabu cha maisha yake, na ndiyo maana jela ile tunaisikia kwa ulimi wa aliyelala ndani yake.

Dred na Harriet Scott

Tarehe 6 Aprili 1846, mume na mke waliwasilisha maombi yao katika mahakama hii. Kila mmoja alifungua kesi yake na kutia alama yake ya msalaba. Mume ni Dred Scott, mzaliwa wa Virginia. Mke ni Harriet Robinson Scott. Mdaiwa alikuwa Irene Emerson, mjane wa daktari wa jeshi John Emerson.

Daktari huyo alikuwa amemchukua Dred hadi ngome ya Fort Armstrong, Illinois, kisha Fort Snelling, kaskazini zaidi, mahali ambapo sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1820 ilikataza utumwa. Huko Dred na Harriet walikutana, wakafungishwa ndoa na Lawrence Taliaferro, ofisa wa serikali. Walizaa mabinti wawili, Eliza na Lizzie. Kwa kesi zilizotangulia, hoja yao ilikuwa wazi kabisa. Na kesi ya Harriet ilikuwa na uzito wake: hadhi ya mtoto ilifuata ya mama, kwa hiyo uhuru wa mabinti ulisimama juu ya uhuru wake yeye.

Kesi ilisikilizwa tarehe 30 Juni 1847 mbele ya Jaji Alexander Hamilton, katika bawa la magharibi. Kilichohitajika kilikuwa mambo mawili: kuthibitisha kwamba walikaa kwenye ardhi huru, na kwamba Irene Emerson ndiye anayewashikilia. La kwanza lilithibitika. Kwa la pili aliitwa shahidi Samuel Russell, mwenye duka, aliyesema aliwakodi akina Scott kutoka kwa mjane huyo. Wakili wa upande wa pili akamhoji. Russell akakiri kwamba mipango yote ilifanywa na mke wake. Yeye alilipa fedha tu, na mengine aliambiwa nyumbani. Ushahidi wa kuambiwa haukubaliki. Jopo likaamua kwamba haijathibitika kuwa Irene Emerson anawamiliki akina Scott. Matokeo yake, wakabaki mikononi mwake yeye yuleyule.

Wanafunzi wa sheria, kaeni na jambo hilo kidogo. Familia nzima ilibaki utumwani kwa sababu aliyepaswa kuitwa kizimbani, mke wa Russell, hakuitwa.

Mahakama iliruhusu kesi isikilizwe upya. Katika kusubiri huko mji ulipatwa na moto mkubwa na kipindupindu, vyote mwaka 1849. Januari 1850 kesi ilisikilizwa kwa mara ya pili, safari hii na ushahidi wa mke huyo, Adeline Russell, mwenyewe. Jopo, ambalo lote lilikuwa la wanaume weupe, katika jimbo la utumwa, likasema Dred Scott ni mtu huru.

Irene Emerson akakata rufaa. Mwaka 1852 Mahakama ya Juu ya Missouri, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, ikautupa msimamo wake wa miaka 28 na kuwarudisha akina Scott utumwani. Sheria haikuwa imebadilika. Siasa ndiyo iliyobadilika. Kesi mpya ikafunguliwa katika mahakama ya shirikisho dhidi ya kaka wa mjane, John Sanford. Hiyo ilisikilizwa mwaka 1854 katika jengo jingine la jirani, wala si katika jengo letu hili, ingawa wengi huchanganya. Kutoka huko ilipanda hadi Washington. Tarehe 6 Machi 1857 Jaji Mkuu Roger Taney alitangaza uamuzi wa majaji saba dhidi ya wawili. Alisema mtu mweusi wa asili ya Afrika, awe huru au mtumwa, si raia wa Marekani na hana haki ya kushtaki katika mahakama ya shirikisho. Akaongeza kwamba Bunge halikuwa na mamlaka ya kukataza utumwa katika maeneo ambayo bado hayajawa majimbo. Miaka minne baadaye nchi ilikuwa vitani.

Lakini akina Scott walirudi kwenye jengo lao. Umiliki ulihamishiwa kwa Taylor Blow, mtoto wa familia iliyommiliki Dred zamani, aliyekuwa rafiki yake na aliyewasaidia. Tarehe 26 Mei 1857, katika mahakama ya St. Louis, mbele ya Jaji Hamilton yuleyule, Blow aliwaandikia hati ya uhuru. Dred alifanya kazi ya kubeba mizigo hotelini. Alifariki tarehe 17 Septemba 1858, baada ya mwaka mmoja na miezi michache ya uhuru. Harriet aliishi hadi mwaka 1876. Aliona utumwa ukifutwa mwaka 1865, na mwaka 1868 aliona katiba ikitamka kwamba kila aliyezaliwa Marekani ni raia, maneno yaliyoing'oa hukumu ya Taney.

Yaliyotendeka kwenye ngazi

Sasa tutoke nje. Mtu alipofariki akiwa na madeni, mahakama ilisimamia mirathi yake. Mali iliuzwa na waliomdai marehemu wakalipwa. Katika Missouri ya siku zile, orodha ya mali ilikuwa na ng'ombe, vitanda, mikokoteni na watu. Minada ya namna hiyo ilifanyika kwenye ngazi za mahakama, kwa tangazo rasmi lililotolewa mapema. Familia zilitenganishwa hapo mchana kweupe, na karani akaandika bei.

Kuna wanaotaka sehemu hii isemwe kwa sauti ndogo ili isiharibu sifa ya jengo. Sikubaliani nao. Aliyefika kudai uhuru wake alipita mahali ambapo wenzake waliuzwa, na huenda angeuzwa hapo hapo kesi ikimshinda. Ukiuficha mnada, hutaelewa ujasiri wa mdai.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu ya kulielewa hili. Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alipotia saini amri ya kuifuta hadhi ya utumwa, watu wa Unguja na Pemba hawakuwa huru kwa pigo moja la kalamu. Kila mmoja ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kuomba hati yake, na masuria hawakuhesabiwa humo. Huku kama kule, mzigo wa kuutafuta uhuru uliwekwa kichwani mwa aliyenyimwa.

Mwanamke na kura

Jengo liliendelea kupokea madai makubwa. Oktoba 1872 Virginia Minor, kiongozi wa harakati za wanawake Missouri, alikwenda kujiandikisha kupiga kura. Msajili, Reese Happersett, akamkataa kwa kuwa ni mwanamke. Kwa sheria ya jimbo, mwanamke aliyeolewa hakuweza kushtaki peke yake, kwa hiyo mumewe Francis Minor, mwanasheria, alishtaki pamoja naye. Walianzia katika mahakama hii, wakashindwa. Wakaenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1875 ilisema kwa kauli moja kwamba uraia hauleti haki ya kura. Wanawake wa Marekani walisubiri hadi mwaka 1920 kupata haki hiyo katika katiba.

Madai mawili yaliyoanzia katika jengo moja, basi, yaliishia Washington kwa kushindwa, na katika yote mawili nchi ilibidi ibadilishe katiba yake ili kuwapa haki wadai walioshindwa. Kushindwa mahakamani si mwisho wa dai la haki. Dai lililoandikwa vizuri hubaki pale likisubiri nchi ilifikie.

Jengo lilivyonusurika

Mwaka 1876 wapiga kura waliutenga mji wa St. Louis na kaunti yake, na jengo likabaki mikononi mwa mji. Kaunti iliyolijenga ikalazimika kutafuta makao mengine. Mwaka 1930 mahakama nazo zilihamia jengo jipya la ghorofa nyingi. Hapo wazao wa Chouteau na Lucas wakashtaki wakitaka kiwanja kirudi kwao, kwa kuwa sharti la babu zao lilikuwa limevunjwa. Walishindwa.

Mwaka 1935 wananchi wa mji walipiga kura kukubali mkopo wa kuanzisha kumbukumbu ya kitaifa ukingoni mwa mto, na karibu mitaa 40 ya majengo ya zamani ikapangwa kubomolewa. Mahakama iliachwa, na mwaka 1940 ikaingizwa rasmi katika hifadhi hiyo. Leo imesimama mbele ya tao kubwa la chuma lililokamilika mwaka 1965, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gateway Arch. Mwaka 2012 sanamu ya Dred na Harriet Scott, kazi ya Harry Weber, iliwekwa kwenye uwanja wake. Wamesimama bega kwa bega, wakitazama mbele.

Chumba walimosikilizwa mwaka 1847 hakipo. Matengenezo ya miaka ya 1850 yalikigawa. Kilichobaki ni karatasi. Kwa zaidi ya miaka 100 majalada ya zile kesi 300 na zaidi yalilala yakiwa yamekunjwa, yamejaa vumbi na masizi. Kuelekea mwisho wa karne ya 20, watunza nyaraka wa jimbo la Missouri walianza kuyasafisha na kuyakunjua moja moja. Kabla ya hapo ilionekana kama Dred Scott alisimama peke yake. Baada ya hapo tukajua kwamba mbele yake ulikuwapo msafara wa mamia, wengi wao wanawake, na kwamba wengi walishinda.

Tuliopo hapa

Nina maombi matatu, nayo yanatuhusu sisi.

La kwanza ni la majengo. Tunayo majengo ya mahakama yenye umri: Mahakama Kuu ya Zanzibar pale Vuga, aliyoichora J. H. Sinclair, mahakama ya zamani ya Mombasa ya mwaka 1902, jirani na Fort Jesus, na mabaraza madogo ya wilayani ambayo hakuna anayeyapiga picha. Yatunzwe, na ukutani yaandikwe majina ya wadai pamoja na ya magavana waliofungua milango. Pale ambapo dhuluma ilipitishwa kwa muhuri wa mahakama, iandikwe hivyo.

La pili ni la mahakimu na mawakili. Mtu anapofika mbele yenu bila kujua kusoma, bila wakili, na shahidi wake muhimu hajaitwa, kumbukeni mke wa Russell. Mpeni nafasi ya kumleta.

La tatu, ambalo ndilo kubwa, ni la majalada. Majengo ya mawe yataonekana na yatatetewa. Karatasi zilizo kwenye stoo zinazovuja hazina mtetezi, nazo ndizo zenye sauti za watu wetu: madai ya mashamba, ya talaka, ya mishahara iliyozuiwa, ya watu waliofungwa bila kosa. Naomba kikao hiki kiazimie jambo moja linalowezekana kuanzia kesho asubuhi: jalada la zamani la mahakama lisichomwe wala kutupwa mahali popote katika nchi zetu kabla mtunza nyaraka hajalisoma na kuandika lina nini.